Baba Aliyefungua Njia katika Theluji

Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya kazi ya mikono na juu ya kilio

Siku moja Bwana wetu Yezu Kristu alikuwa akipita njiani pamoja na wanafunzi wake, akamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wakamwuliza neno ambalo watu wa kila kabila huuliza wanapoona msiba: ni nani mwenye kosa? Ni kipofu mwenyewe, au ni wazazi wake? Yezu hakukubali ulizo hilo. Aliwajulisha kwamba mtu yule hakukosa, wala wazazi wake hawakukosa. Bali katika taabu ile ilipasa watu waione kazi ya Mungu. Wala hakusimama akisema tu. Aliinama, akachanganya mate yake na udongo, akafanya tope kwa vidole vyake, akampaka yule kipofu machoni, akamtuma kwenda kunawa. Mtu yule akaenda, akanawa, akarudi anaona.

Wakatekumeni wapenzi, Ekleziya huisoma habari hii wakati wa Kwaresima, hasa kwa ajili ya wale wanaojitayarisha kupokea Ubatizo. Itazameni vema. Wanafunzi walitafuta mtu wa kulaumiwa. Yezu alitafuta namna ya kumsaidia mwenye taabu, tena alimsaidia kwa mikono yake iliyozoea kazi, kwa maana alikuwa amelelewa katika nyumba ya fundi.

Msiba unapoingia nyumbani, Mkristu hufanya nini? Ili jibu lieleweke vizuri, isikilizwe habari ya baba mmoja Mkatoliki, fundi wa motokari, aliyeishi katika nchi ya mbali. Mtu huyo hakuandikwa katika hesabu ya watakatifu wa Ekleziya. Alikuwa mtu mwenye mke na watoto, mwenye garaji na madeni, kama watu wengine. Lakini maisha yake yana mafundisho.

Mtoto aliyepewa jina la Yosefu

Katika nchi ya Kanada, upande wa mashariki, liko jimbo la Quebec. Watu wengi wa huko ni wazao wa Wafaransa waliovuka bahari zamani, wakaja pamoja na imani yao ya Kikatoliki. Ilikuwa desturi kwao kwamba mtoto mwanamume akibatizwa hupewa pia jina la Yosefu, na mtoto mwanamke hupewa jina la Maria, kusudi wote wawekwe chini ya ulinzi wa Jamaa Takatifu ya Nazareti.

Basi, tarehe 16 Aprili 1907, katika kijiji cha Valcourt, alizaliwa mtoto mwanamume, wa kwanza kati ya watoto wanane. Akaitwa Joseph-Armand, na jina la ukoo wake lilikuwa Bombardier. Baba yake alikuwa mkulima, kisha akawa na duka kijijini.

Wakatekumeni wengi huwaza sana juu ya jina watakalolichukua siku ya Ubatizo. Ni vizuri kuwaza. Jina la Mkristu si pambo kama ushanga shingoni. Ni mfano wa kufuata. Anayechukua jina la Yosefu, amechukua jina la fundi seremala aliyewalisha Yezu na Maria kwa jasho lake. Mnamo mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili watu wote wajue kwamba kazi ya mikono ina heshima mbele ya Mungu.

Mvulana aliyependa mashini

Katika vijiji vya Kivu, wavulana hufanyiza motokari ndogo kwa waya, kwa vibao na kwa makopo matupu. Huzisukuma njiani, wakiiga mlio wa injini kwa midomo yao. Wazee huwatazama na kucheka. Joseph-Armand naye alianza hivyo hivyo. Alichukua saa mbovu, akazifungua, akatoa magurudumu yake madogo yenye meno, akafanyiza kwa hayo vitu vya kuchezea vilivyokwenda vyenyewe: magari, mashua, na garimoshi dogo. Kila kitu kilichozunguka kilimvuta. Kila injini aliyoiona, alitaka kujua ndani yake mna nini.

Hapa yapasa kueleza jambo moja ambalo wenyeji wa nchi za joto hawalijui sana. Katika Quebec, kwa muda wa miezi mingi ya mwaka, baridi ni kali, na mvua haianguki kama maji. Huanguka kama unga mweupe, ndiyo theluji. Watu wa Beni na wa Mutwanga huiona theluji kwa mbali, juu ya vilele vya milima ya Ruwenzori. Lakini huko Quebec theluji haikai juu ya milima tu. Hufunika mashamba, njia na mapaa ya nyumba. Zamani zile, theluji ilipoanza kujaa, wenye motokari waliziweka ndani ya banda mpaka baridi ipite. Watu walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu, yaliyovutwa na farasi. Mgonjwa aliyekuwa mbali na mji alikuwa kama amefungwa kisiwani.

Baba yake Joseph-Armand alipoona kwamba mwanawe haachi kushika mashini, alimpa motokari kuukuu ya Ford iliyoharibika, ili apate kujifunza. Kijana alikuwa na miaka 15. Alifanya kazi kwa siri pamoja na ndugu yake mdogo. Walichukua injini, wakaiweka juu ya gari la kuteleza, na nyuma wakatia panga kubwa la mbao, kama lile la ndege. Tarehe 31 Desemba 1922 wakaliwasha, wakapita nalo katikati ya kijiji juu ya theluji, kelele nyingi, watu wakitoka nje kushangaa.

Lakini baba yake alipoliona panga lile likizunguka bila kifuniko, aliogopa lisije likamkata mtu, akaamuru gari livunjwe mara moja. Likavunjwa. Yafaa kila kijana akumbuke jambo hili. Kijana aliyeshangiliwa na kijiji kizima alikubali neno la baba yake, na utii ule haukuiua akili yake. Alikwenda kuwaza namna nyingine isiyo na hatari.

Wazazi wake walitamani awe padri. Wakampeleka seminarini katika mji wa Sherbrooke, akasoma huko. Lakini alipofika miaka 17 aliona kwamba Mungu hakumwitia altare. Akamwomba baba yake ruhusa ya kwenda kujifunza ufundi. Baba alikuwa na tumaini jingine, lakini alikubali. Kwa hiyo Joseph-Armand akaingia kazini katika garaji, kisha akaenda katika mji mkubwa wa Montréal. Mchana alifanya kazi, jioni alisoma mambo ya mashini na ya umeme.

Wako watu wanaodhani kwamba kijana aliyetoka seminarini amepotea, au kwamba katekista na padri peke yao ndio walioitwa na Mungu. Sivyo. Mungu huwaita wengine waliongoze kundi lake, na wengine huwaita walime, wajenge, wafue chuma, walee watoto. Kila wito una kazi yake, na kila mmoja ataulizwa juu ya wito wake mwenyewe.

Garaji, ndoa na msiba

Mnamo mwaka 1926, akiwa na miaka 19, Joseph-Armand alirudi Valcourt, akafungua garaji yake kwa fedha aliyokopeshwa na baba yake. Alifanya kazi bila kuchoka, na deni akalilipa. Zana nyingine ambazo hakuweza kuzinunua alizifanyiza mwenyewe. Watu wakajua kwamba kilichoharibika kikipelekwa kwake kitarudi kizima. Tarehe 7 Agosti 1929 alifunga ndoa na Yvonne Labrecque. Mungu akawapa watoto.

Wakati wa kazi za kawaida, alitengeneza motokari za watu. Theluji iliposhuka na motokari zikasimama, aliendelea na wazo lake la utoto: kufanyiza gari liwezalo kwenda juu ya theluji. Alijaribu, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa tena.

Ndipo ukafika mwaka 1934. Katika majira ya baridi ya mwaka huo, mtoto wao Yvon, aliyekuwa na miaka miwili, alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Ulikuwa ule ugonjwa wa kidole tumbo, ambao daktari huuponya kwa kupasua, kama akiwahi. Hospitali ilikuwa katika mji, mbali na kijiji. Njia zote zilikuwa zimefungwa na theluji. Motokari haikuweza kupita. Gari ambalo baba alikuwa akilijaribu garajini halikuwa tayari. Mtoto akafa.

Wazazi wa vijijini wanaosoma maneno haya hawahitaji maelezo mengi. Theluji hawaijui, lakini wanajua maana ya njia iliyofungwa. Wanajua masika yanapogeuza barabara kuwa tope, na lori linapozama mpaka kwenye mihimili yake, na daraja la miti linapochukuliwa na mto. Wanajua kumbeba mgonjwa katika kipoyi, wanaume wanne wakipokezana, usiku, wakikaza mwendo kwenda kwenye dispensari, na pumzi ya mgonjwa ikipungua kabla ya kufika. Huyu alikuwa fundi wa kwenda, mtu ambaye kijiji kizima kilimpelekea motokari zake azifanye zitembee. Na siku ile moja alipotaka kumpeleka mwanawe, hakuwa na namna ya kwenda.

Yaliyopita moyoni mwa baba yule na mama yule ni siri yao na Mungu. Lakini yaliyofanywa na mikono ya baba yule baadaye, watu wote waliyaona.

Kazi iliyofuata kilio

Joseph-Armand alirudi garajini. Shida kubwa ilikuwa hii: magurudumu ya kawaida huzama katika theluji, kama yanavyozama katika tope. Ilipasa gari likanyage mahali papana, uzito wake usambae. Basi aliwaza mkanda mrefu wa kuzunguka, unaoshika theluji kwa nyuma, na mbele vipande viwili vya kuteleza mahali pa magurudumu. Lakini mkanda ule ulipaswa kuvutwa na gurudumu lenye meno, na theluji na barafu zilikuwa zikigandamana katika meno yale. Akafanyiza gurudumu la meno lililofunikwa kwa mpira, na mkanda wake pia ukawa wa mpira. Mpira ukakataa kugandamana na barafu. Gari likaenda.

Mnamo mwaka 1937 serikali ilimpa hati ya kuthibitisha kwamba uvumbuzi ule ni wake. Akaanza kuuza magari ya watu saba. Baadaye akafanyiza makubwa zaidi, ya watu kumi na wawili. Nyumba ya gari ilitengenezwa kwa mbao, kazi ya seremala, na madirisha yake yalikuwa ya mviringo kama ya meli. Ndani yake abiria walikaa bila kupigwa na upepo wa baridi.

Ni nani walioyanunua? Si matajiri waliotaka kujionyesha. Walikuwa madaktari waliokwenda kuwaona wagonjwa, mapadri waliopeleka Sakramenti kwa wenye kufa, watu wa posta, na wale waliowapeleka watoto shuleni. Magari mengine yalitumiwa kuwachukua wagonjwa hospitalini. Njia iliyofungwa kwa mtoto wa fundi ilifunguka kwa watoto wa watu wengine.

Mnamo mwaka 1942 kazi ile ikawa kampuni. Kiwanda hakikuhamia mji mkubwa. Kilibaki Valcourt, na watu wa kijiji na ndugu zake wakapata kazi humo. Mwaka 1948 likatokea jambo jingine. Serikali ya Quebec iliagiza kwamba barabara kubwa ziondolewe theluji kwa mashini. Neno hilo lilikuwa jema kwa watu, lakini lilikuwa pigo kwa kiwanda, kwa maana magari ya theluji hayakuhitajiwa tena kama zamani. Mtu mwenye kujipenda angaliweza kukunja mikono na kununa. Joseph-Armand akatafuta kazi nyingine ya kuwafaa watu. Mwaka 1953 akatoa trekta la kwenda katika kinamasi na matope, mahali ambapo magurudumu hayawezi kabisa, likawafaa wakata miti na wajenzi wengi.

Zawadi kwa misioni

Lakini moyo wake ulibaki na wazo la ujana: gari dogo jepesi, la mtu mmoja au wawili, liwezalo kupita kati ya miti. Kwa miaka mingi halikuwezekana, kwa sababu injini zilikuwa nzito mno. Zilipopatikana injini nyepesi, alilianza tena. Mwanawe mkubwa, Germain, alikuwa amekua, na yeye pia alishika ufundi; ndiye aliyefanikiwa kutengeneza mkanda wa mpira mtupu, usio na kiungo, uliohitajiwa. Basi gari lile halikuwa kazi ya mtu mmoja. Baba aliwaza, mwana akatimiza.

Mwaka 1959 gari likawa tayari. Mbali sana kaskazini, katika jimbo la Ontario, palikuwa na kijiji cha wenyeji Waojibwe kiitwacho Lansdowne House. Huko alikaa mmisionari, Padri Maurice Ouimet wa Shirika la Oblati wa Maria Imakulata, rafiki yake Joseph-Armand. Kama wamisionari wengine wa nchi ile, alizoea kusafiri kwa gari lililovutwa na mbwa. Mwezi wa Aprili 1959 Joseph-Armand alimpelekea gari moja la kwanza kabisa, alijaribu katika kazi yake ya misioni. Hivyo gari ambalo baadaye watu wengi walilitumia kwa michezo na matembezi, katika siku zake za kwanza lilimchukua padri akienda kuwatafuta Wakristu wake porini.

Katika msimu wa kwanza magari 225 yaliuzwa. Baada ya miaka michache yakawa maelfu. Lakini mvumbuzi wake hakuona mengi ya hayo. Alishikwa na ugonjwa wa kansa, akafariki tarehe 18 Februari 1964, katika juma la kwanza la Kwaresima, akiwa na miaka 56. Aliacha mke na watoto watano. Wa sita alikuwa amewatangulia miaka thelathini kabla. Mwaka uliofuata jamaa yake waliweka mfuko wa kusaidia watu, wenye jina lake. Garaji yake ya kwanza imehifadhiwa Valcourt, na wageni huenda kuitazama.

Mafundisho

Kwanza: kilio cha Mkristu hakitafuti mchawi. Mtoto anapokufa kijijini, mara nyingi maneno huanza hata kabla ya maziko. Fulani alimtazama vibaya. Bibi mzee yule alipita nyumbani juzi. Wengine hukusanya fedha, ile ambayo ingaliweza kununua dawa, wakaipeleka kwa mpiga ramli awatajie jina. Jina likitajwa, mzee asiye na kosa hufukuzwa, nyumba yake huchomwa, pengine huuawa. Hapo msiba mmoja umekuwa misiba miwili, na wa pili umefanywa na watu. Mwenye kumwendea mpiga ramli anavunja amri ya kwanza ya Mungu. Mwenye kumsingizia jirani anavunja ya nane. Mwenye kumwua anavunja ya tano. Na baada ya hayo yote, je, njia ya kwenda dispensari imefunguka? Bado imefungwa. Mtoto wa pili atapita tope lile lile.

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo atamkataa Shetani na matendo yake yote mbele ya Ekleziya. Ajue tangu leo kwamba kumsingizia mzee uchawi ni mojawapo la matendo hayo. Alie, maana Yezu naye alilia kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Aombe dua. Asikilize wazee wa jamaa wanaomfariji. Kisha aulize swali moja tu lenye faida: kitu gani kilikosekana siku ile, ili kisikosekane tena?

Pili: kazi ya mikono si adhabu tupu. Wengine husema kwamba kazi ililetwa na dhambi ya Adamu. Si hivyo. Kabla ya dhambi Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Dhambi ilileta uchungu wa kazi, na miiba, na jasho. Haikuleta kazi yenyewe. Kwa hiyo mwenye kufuma mikeka, mwenye kufinyanga vyungu, mfua chuma, seremala, fundi wa garaji mwenye mafuta mikononi, wote wanaweza kumtukuza Mungu, kama wakifanya kazi bila udanganyifu. Fundi anayetia mbao mbovu ndani ya kitanda na kuzifunika kwa rangi, huyo anamwibia jirani, hata akiwa na rozari shingoni.

Katika mji wa Goma na vijiji vya kando yake, mafundi huchonga chukudu kwa mbao, na magurudumu yake huvikwa mpira wa matairi ya zamani. Kwa chukudu moja baba hubeba viazi, makaa na kuni, akawalipia watoto wake ada ya shule. Wapita njia huona mbao zenye magurudumu. Mungu huona baba anayewapenda watoto wake. Maisha ya fundi wa Kanada na ya fundi wa chukudu hayaachani sana: wote wawili walishika mbao na mpira, wote wawili walitaka kupita mahali pagumu, na wote wawili walifanya hivyo kwa ajili ya watu wa nyumbani mwao.

Tatu: vitu vipendwe kwa ajili ya watu. Kupenda motokari si dhambi. Joseph-Armand alizipenda tangu utoto hata kufa. Lakini wako watu wanaopenda kitu mpaka wanasahau kwa nini Mungu amewapa. Mtu ananunua pikipiki, anaiosha kila asubuhi, anaifunika kitambaa. Na jirani yake mwenye uchungu wa kuzaa akiomba kupelekwa kwenye dispensari, anaambiwa kwamba mafuta ni ghali. Pikipiki ile imekuwa sanamu. Siku ya hukumu Bwana wetu hataulizia injini. Atauliza juu ya wenye njaa, wagonjwa na wageni, tena atayahesabu yote waliyotendewa kama ametendewa yeye mwenyewe.

Nne: mashini haitoshi kumfariji mwenye kufiwa. Magari yote ya Valcourt hayakumrudisha mtoto mmoja. Neno hili ni la kweli, na Mkristu asijidanganye. Kazi njema hufungua njia kwa wengine, lakini haifungui kaburi. Kristu peke yake ndiye aliyefungua kaburi. Ekleziya hufundisha kwamba mtoto mchanga aliyebatizwa, akifa kabla ya kupata akili ya kutenda dhambi, huingia mbinguni bila kukawia. Wazazi wake wanaoshika imani wanaweza kutumaini kumwona tena. Ndiyo maana Mkristu anaweza kulia na kufanya kazi pamoja: analia kwa sababu amependa, anafanya kazi kwa sababu ana tumaini.

Jambo la kufanya

Kabla ya mvua kubwa, wakatekumeni wa kila kijiji wakutane pamoja na katekista wao. Waitazame njia iendayo kwenye dispensari. Wapi maji husimama? Daraja gani limeoza? Je, iko kipoyi moja imara, iliyowekwa mahali ambapo kila mtu anajua, au watu husubiri mgonjwa ashikwe ndipo waanze kukata miti? Wanaume wachukue majembe na mapanga, wanawake wasuke kamba na mkeka wa kipoyi, vijana wabebe mawe. Wamalize kazi hiyo kabla ya siku ya Ubatizo, na waitoe kwa Mungu kwa ajili ya watoto wa kijiji waliokufa njiani.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Wanafunzi walimwuliza Yezu swali gani juu ya kipofu, na Yezu alifanya nini kwa mikono yake?
2. Kwa nini Ekleziya inamheshimu Mtakatifu Yosefu tarehe 1 Mei?
3. Mtu anayemsingizia jirani uchawi anavunja amri zipi za Mungu?
4. Katika jamaa yako, msiba ulipotokea, ni nani aliyelaumiwa? Je, mlikwenda kumwomba msamaha?
5. Mikono yako inajua kazi gani, na kazi hiyo itamfaa nani?

Sala

Ee Mungu Baba yetu, uliyemtuma Mwanao kukaa katika nyumba ya fundi, uibariki mikono ya wote wanaofanya kazi. Uwafariji wazazi waliopoteza watoto wao. Utuondolee mioyoni chuki na mashaka juu ya jirani zetu. Utufundishe kufungua njia mahali zilipofungwa, mpaka siku ile utakapotukusanya sote nyumbani kwako, pamoja na wadogo waliotutangulia. Kwa Yezu Kristu Bwana wetu. Amina.